Maji ya Antofagasta: Sumu Iliyojificha Ndani ya Vifo vya Kawaida

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kawaida msemo huo tunautumia kwa watu: jirani anayekusengenya, au mwenzio kazini anayekuchimba. Juma hili napenda tuutumie kwa kitu ambacho hakuna nyumba isiyokuwa nacho, ya maskini au ya tajiri, yaani maji ya kunywa. Na napenda tuanzie mbali, kaskazini mwa nchi ya Chile huko Amerika ya Kusini, kwa sababu huko ndiko dunia ilikojifunza, kwa gharama ya maisha ya watu, namna ya kuhesabu vifo vya moyo vinavyoletwa na sumu iitwayo aseniki.

Antofagasta ni mji wa bandari ulioko kando ya bahari ya Pasifiki. Nyuma yake limelala jangwa la Atacama, ambalo ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote duniani. Mvua huko ni habari ya kusimuliana. Hakuna mto unaopita mjini ambao mtu angeweza kuukimbilia na ndoo yake bomba likikauka. Maji ya mji yalikuwa yakiletwa kwa mabomba kutoka milima ya Andes, mwendo wa mamia ya kilometa. Jambo hilo tulishike vizuri, kwani ndilo lililoufanya mji ule kuwa mahali pa pekee pa kupimia sumu, bila wakazi wake kujua wala kuombwa ridhaa. Mkazi wa Antofagasta hakuwa na maji mengine ya kuchagua. Alichokunywa bwana mkubwa wa bandarini ndicho alichokunywa kuli wake.

Mji ulikuwa ukikua, na maji ya zamani hayakutosha. Mwaka 1958 watu wa Antofagasta wakaletewa maji mapya kutoka mto Toconce. Kwa macho yalikuwa maji mazuri, maangavu, yatokayo mlimani. Lakini milima ile ni ya volkano, yenye chemchemi za maji ya moto, na maji yanayopita katika miamba ya namna hiyo huweza kuyeyusha aseniki na kushuka nayo. Maji ya zamani yalikuwa na aseniki kiasi cha mikrogramu 90 katika kila lita. Maji mapya yalikuwa na zaidi ya mikrogramu 800.

Pengine tarakimu hizo hazimwambii kitu mtu ambaye si mkemia. Basi tuzipime kwa vitu vya nyumbani. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekishauri tangu mwaka 1993 ni mikrogramu 10 kwa lita. Ukichukua gramu moja ya aseniki, ambayo haifiki robo ya kijiko cha chai cha chumvi, ukaigawa katika matangi 100 ya maji ya lita 1,000 kila moja, umekwisha kukifikia kiwango hicho. Watu wa Antofagasta walikuwa wakinywa maji yenye zaidi ya mara 80 ya hapo. Na mtu asije akadai kuwa kiwango hiki ni cha wataalamu wa siku hizi tu. Mwaka huohuo wa 1958 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake vya kwanza vya maji ya kunywa, likaweka mikrogramu 200 kuwa mwisho. Maji ya Toconce yalikuwa yamevuka hata mpaka huo kwa mara nne.

Aseniki si jina geni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Wafugaji wa zamani wanakumbuka majosho ya ng'ombe ya enzi za wakoloni, ambayo dawa yake ya kuulia kupe ilikuwa ya aseniki. Kila mchungaji alijua kwamba ng'ombe akiyanywa maji ya josho amekwisha. Lakini hiyo ni sumu ya kipimo kikubwa, inayoua mara moja na kumfanya kila mtu aulize kulikoni. Sumu ya Antofagasta ilikuwa ya kipimo kidogo, ya kila siku, ndani ya chai na supu na maziwa ya mtoto. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Tena ukiyachemsha maji haiondoki. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki palepale.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Antofagasta walianza kuona watoto wenye ngozi isiyo ya kawaida: madoa meusi na meupe mwilini, na viganja na nyayo zilizokuwa ngumu kama za mtu wa jembe. Hizo ndizo dalili ambazo vitabu vya udaktari vilikuwa vikizitaja siku zote. Daktari José Manuel Borgoño na wenzake walifanya uchunguzi, ikathibitika kwamba chanzo ni maji. Mwaka 1970 ukajengwa mtambo wa kuyasafisha, ambao ulitumia dawa ya chuma kuifanya aseniki igande na kushuka chini, kisha maji yakachujwa. Aseniki ikashuka hadi karibu mikrogramu 110 kwa lita, na katika miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa. Ngozi za watoto waliozaliwa baadaye zikawa safi. Aliyetazama ngozi peke yake aliweza kudhani kwamba mambo yamekwisha.

Lakini ngozi haikuwa shahidi pekee. Mwaka 1974 mtaalamu wa maiti Helmut Rosenberg aliandika habari za watoto wachache wa Antofagasta waliofariki, ambao miili yao ilichunguzwa. Alikuta mishipa ya damu iliyonenepa kuta na kuziba njia, pamoja na ile inayolisha moyo. Hayo ni maradhi ambayo daktari hutazamia kuyaona kwa mzee. Kuyakuta kwa mtoto ni sawa na kukuta mvi kwenye utosi wa mtoto mchanga. Ilikuwa ishara kubwa, lakini watoto wachache hawatoshi kuuambia umma kwamba mji mzima umedhurika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Ugonjwa wa ngozi wa aseniki unajitangaza wenyewe. Daktari anayeujua akiuona tu anataja jina la sumu. Shambulio la moyo halijitangazi hivyo. Mtu anashika kifua, anaanguka, anazikwa. Ndugu wanasema alikuwa na mawazo mengi, au alikula mafuta mno, au siku zake zilikuwa zimefika. Daktari anaandika kwenye cheti: moyo. Wala hakukosea, ni moyo kweli. Maiti iliyouawa na moyo wa aseniki na maiti iliyouawa na moyo wa sigara zinafanana. Katika nchi yoyote watu hufa kwa moyo, na sumu iliyopata bahati ya kuua kwa njia ya kawaida hujificha ndani ya vifo hivyo kama mwizi katikati ya soko.

Basi mwizi wa namna hiyo hukamatwaje? Hakamatwi kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja. Hukamatwa kwa kuhesabu. Chile ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi maskini hazikuwa nacho, nacho ni daftari la vifo lililotunzwa miaka mingi, likionyesha nani kafa, wapi, ana umri gani na kwa maradhi gani. Watafiti wa Marekani na wa Chile, wakiwamo Allan Smith wa Chuo Kikuu cha California na Catterina Ferreccio wa Chile, walikusanya vifo vya miaka 50, kuanzia 1950 hadi 2000. Waliulinganisha mkoa wa Antofagasta na mkoa wa Valparaíso, ambao maji yake hayakuwa na tatizo hilo. Matokeo yakatangazwa mwaka 2007.

Walikuta nini? Katika miaka ya maji mabaya, 1958 hadi 1970, vifo vya wanaume kwa shambulio la moyo katika mkoa wa Antofagasta vilikuwa mara 1.48 ya vile vya Valparaíso. Maana yake ni kwamba pale ambapo Valparaíso walikufa wanaume 100, Antofagasta, kwa idadi ileile ya watu wa umri uleule, walikufa 148. Kwa wanawake palipotazamiwa 100 walikufa 126. Na jambo lililosikitisha kuliko yote lilikuwa la wanaume waliozaliwa katika miaka ile ile ya sumu, ambao waliipata tangu tumboni mwa mama zao na wakiwa wachanga. Walipofika umri wa miaka 30 hadi 49, wakati maji yamekwisha kusafishwa zamani, vifo vyao vya shambulio la moyo vilikuwa zaidi ya mara tatu ya vya wenzao wa Valparaíso. Mwanamume wa miaka 40 ana watoto shuleni na wazee wanaomtegemea. Alikunywa deni akiwa mchanga, akadaiwa akiwa baba.

Msomaji makini atauliza, na ni haki yake: tutajuaje kuwa ni maji? Mkoa ule ni wa migodi mikubwa ya shaba. Huenda ni vumbi la mgodini. Huenda wanaume wa huko walivuta sigara kupita wengine. Haya ni maswali ya busara, na hayajibiwi kwa hasira. Kuhusu migodi, wanawake nao walizidi kufa, na si wao waliokuwa wakishuka machimboni. Tena vifo vya moyo vilipungua baada ya maji kusafishwa, hali migodi iliendelea kuchimbwa. Kuhusu sigara, uchunguzi wa mwaka 1998 uliohusu saratani katika mkoa huohuo ulionyesha kwamba maradhi sugu ya kifua, ambayo ndiyo alama kubwa ya wavutaji, hayakuwa yamezidi kwa jumla. Kama sigara ndiyo iliyokuwa ikiua, ingeua na kwa njia hiyo pia. Hoja moja peke yake haitoshi, lakini zikiunganishwa zinamwelekea mshitakiwa mmoja.

Lipo jambo jingine ambalo madaftari yale yalifichua, nalo ni utaratibu wa vifo vyenyewe. Kwa miaka mingi watu walipotaja hatari kubwa ya aseniki walikuwa wakifikiria saratani, hasa ya mapafu na ya kibofu cha mkojo. Hawakukosea. Lakini saratani huchukua miaka mingi kukomaa. Katika kipindi cha sumu na mara tu baada yake, sehemu kubwa ya vifo vya ziada katika maradhi yale matatu ilikuwa ya moyo. Miaka kumi baada ya maji kusafishwa, vifo vya moyo vilikuwa vimepungua, na saratani ndiyo iliyoshika nafasi. Ukijumlisha yote matatu, kilele kilifika mwaka 1991 hadi 1995, yaani miaka 20 na zaidi tangu mtambo ujengwe. Katika miaka hiyo vifo vilivyokadiriwa kuletwa na aseniki vilikuwa asilimia 10.9 ya vifo vyote vya wanaume katika mkoa, na asilimia 4 ya vifo vya wanawake. Moyo ulikuwa wa kwanza kupigwa, lakini ulikuwa wa mwisho kuhesabiwa.

Kwa nini sumu inywewayo tumboni iende kuupiga moyo? Fununu ya jibu ilikuwa imeonekana mapema zaidi katika kisiwa cha Taiwan. Kwenye pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa hicho maji ya juu yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo mapema katika karne ya 20 watu walichimba visima virefu kwenda chini sana. Huko chini walikuta maji matamu, pamoja na aseniki. Baadaye wanavijiji wakaanza kupata maradhi ya kutisha: vidole vya miguu vinakufa ganzi, vinakuwa vyeusi, vinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Wakayaita maradhi ya mguu mweusi. Mwaka 1968 daktari Tseng Wen-ping na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 40,000, wakakuta karibu watu 9 katika kila 1,000 wana maradhi hayo. Mguu unaoza kwa sababu mishipa ya damu imeziba. Na mishipa ya mguu na mishipa ya moyo ni ndugu. Mwaka 1996 mtaalamu Chen Chien-jen na wenzake wa Taiwan walionyesha kwamba kadiri mtu alivyokunywa aseniki kwa wingi na kwa miaka mingi, ndivyo hatari yake ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo ilivyopanda. Huyu Chen ndiye aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Taiwan mwaka 2016.

Wataalamu wanaeleza kwamba aseniki huukwaruza utando laini ulioko ndani ya mishipa ya damu. Mahali palipokwaruzwa mafuta hushika, damu hupenda kuganda, na njia hupungua. Kwa baadhi ya watu shinikizo la damu nalo hupanda. Ni kazi ileile inayofanywa na sigara, na ndiyo sababu viwili hivyo vikikutana kwa mtu mmoja madhara yanakuwa makubwa zaidi.

Hilo la sigara limethibitishwa na Bangladesh. Nchi hiyo ilichimbiwa visima vya pampu kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1970, ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema, na watoto wengi waliokolewa. Lakini hakuna aliyepima aseniki, na mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kuwa visima vingi vina sumu. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watu 11,746 wa wilaya ya Araihazar kwa miaka kadhaa, wakiyapima maji ya kila kisima walichokunywa. Taarifa yao ya mwaka 2011 ilisema kwamba kundi lililokunywa aseniki nyingi zaidi lilikuwa na hatari ya kufa kwa moyo inayokaribia mara mbili ya kundi lililokunywa kidogo. Na mvutaji wa sigara aliyekunywa maji yale alikuwa hatarini kuliko hesabu ya kila jambo peke yake. Maji ya Araihazar kwa wengi hayakufikia hata nusu ya ukali wa maji ya Antofagasta. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja rasmi aseniki, pamoja na risasi na kadimiamu, miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Yote haya yanatuhusu nini sisi? Mawe yenye dhahabu mara nyingi hubeba aseniki ndani yake, na kanda ya Ziwa Viktoria ni ya dhahabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamepima maji katika kanda hiyo, wakakuta sehemu za Geita na Mara zenye visima na vyanzo vilivyozidi kile kiwango cha mikrogramu 10. Sisemi haya ili mtu akimbie kisima chake na kurudi kwenye dimbwi, kwani kipindupindu hakisubiri miaka 20. Bangladesh yenyewe imetufundisha kwamba visima viwili vinaweza kuwa jirani, kimoja kizuri na kingine kibaya. Wenzetu wale walivipima, vibaya wakavipaka rangi nyekundu, vizuri rangi ya kijani, hata asiyejua kusoma akaelewa. Lililo muhimu ni kupima, na kupima hakufanywi kwa macho wala kwa ulimi. Anayechimba kisima na kutangaza maji safi hana budi aonyeshe karatasi ya maabara yenye neno aseniki ndani yake, kwa sababu maji yanaweza kupita vipimo vyote vya vijidudu na bado yakawa na sumu hii.

Jambo la pili ni lile daftari. Sumu ya Antofagasta haikufichuliwa na mashine ya ajabu. Ilifichuliwa na makarani walioandika vifo kwa uaminifu kwa miaka 50, bila kujua kuwa siku moja kazi yao ingekuwa ushahidi. Kwetu, mtu anapofia nyumbani mara nyingi tunazika jioni, na kama cheti kitachukuliwa ni kwa sababu ya mirathi au mafao. Wengi huzikwa bila sababu ya kifo chao kuandikwa popote. Katika nchi ya namna hiyo kijiji kizima kinaweza kupoteza wanaume wake wa miaka 40 kwa moyo, na kila familia ikadhani ni msiba wake peke yake. Kwa hiyo karani wa vifo anapokuuliza marehemu alikufa kwa nini, na alikuwa akiishi wapi, tusimwone msumbufu. Tumjibu, naye aandike.